TUZUNGUMZE NA VIJANA: Mwanzo Mzuri Hautoshi

Kijana mmoja wa Swima, katika nchi ya Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Yeye ni mwanafunzi wa sekondari, naye aupenda mchezo wa sataranji. Ameandika mianzo mitano ya mchezo huo katika daftari, akaishika yote kwa moyo. Hata hivyo, kila Jumapili baada ya Misa hushindwa na fundi mmoja wa mitumbwi, mtu ambaye, kwa maneno ya kijana mwenyewe, “hakumaliza hata shule ya msingi”. Sasa auliza: Je, atafute mianzo mingine, au auache mchezo?

Ndugu mpenzi, twakushukuru kwa unyofu wako. Lakini twadhani jeraha lako halikutoka ubaoni. Hukutuandikia tu kwamba umeshindwa. Umetuandikia pia ni mtu wa namna gani aliyekushinda. Hapo ndipo panapouma. Tutapafikia; kwanza tuuangalie mchezo wenyewe.

Kwa wasioujua, sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64. Kila mmoja ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, askari wanane, na kete mbili ambazo Waingereza huziita maaskofu, bali Wafaransa huziita wachekeshaji wa mfalme. Sisi, kwa heshima ya Kanisa, tutawafuata Waingereza. Ashindaye ni yule amzingiraye mfalme wa mwenzake hata akose pa kukimbilia.

Katika daftari lako umeutanguliza mwanzo wa Kihispania. Wengi huuita kwa jina la padre Ruy López wa Hispania, aliyetoa kitabu juu ya mchezo huu mwaka 1561. Mweupe humpeleka askari wa mfalme hatua mbili, na mweusi vivyo hivyo. Kisha mweupe hutoa farasi, amtishe askari yule wa mweusi; mweusi naye hutoa farasi wake, amlinde. Ndipo askofu wa mweupe atokapo, akamkabili huyo farasi mlinzi.

Haya wayajua. Lakini je, wajua kwa nini? Askofu yule hakutoka kwa kuwa kitabu kimemwamuru. Ametoka kwa sababu mlinzi akisumbuliwa, alindwaye naye hutikisika. Mianzo karibu yote hutafuta mambo matatu: kushika vyumba vya katikati, kuwatoa wakubwa upesi wakafanye kazi, na kumweka mfalme mahali pa salama. Ayajuaye hayo hataduwaa mwenzake aendapo njia isiyoandikwa. Atajiuliza: Ameacha nini bila mlinzi? Lakini aliyekariri hatua tupu, mara mwenzake aachapo njia ya daftari, hupotea kama msafiri aliyeonyeshwa njia kwa mti mmoja, nao mti umekatwa. Twaamini ndivyo unavyoshindwa kila Jumapili. Fundi wako hajui jina la mwanzo wowote, lakini huutazama ubao, nawe walitazama daftari.

Basi usiongeze mianzo, ipunguze. Chagua mmoja wa kuchezea weupe, na jibu moja la kuchezea weusi, ukae nayo miezi kadhaa. Cheza polepole, maana mchezo wa haraka hufundisha haraka tu. Andika kila hatua, yako na ya mwenzako. Kesho yake, hasira ikiisha kupoa, upange tena kete zako, ufuate mchezo ule hata uione hatua ya kwanza iliyokuharibia. Usitafute ya mwisho. Mtumbwi huzama penye kina, lakini tundu lilikuwapo tangu ufukweni. Kisha umwulize aliyekushinda: “Hapa uliona nini, mzee?” Swali hilo moja lina faida kuliko kurasa kumi za mianzo.

Huyo padre López tuliyemtaja atutolea mfano. Mwaka 1560, alipokuwa Roma, alimshinda kijana Mwitalia aitwaye Leonardo, wa mji wa Cutro. Kijana hakuutupa ubao. Alirudi mazoezini, na mwaka 1575, mjini Madrid, mbele ya Mfalme Filipo wa Pili, akamshinda padre. Mwenye kitabu alishindwa na yule aliyekuwa amemshinda zamani.

Karibu nasi yuko Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala. Yeye hakuanza kwa vitabu. Alifika kwenye mafunzo ya mwalimu Robert Katende, mahali ambapo watoto walipewa pia uji, akajifunza kwa kucheza na kushindwa. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Huko alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Hakuacha. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, akapata cheo cha kimataifa cha mchezo huo. Wahenga walisema kweli: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sasa tuje penye jeraha. Waona haya kwa sababu aliyekushinda hana shahada. Jihadhari, ndugu. Shule uliyopewa na wazazi wako, kwa samaki waliouza na mihogo waliyolima, hukupewa ili umdharau mtu asiyeipata. Fundi yule amezoea kuupima ubao wa mti kwa jicho kabla ya kuukata, maana ukikosewa haurudi. Tena uhai wa wavuvi wakati wa usiku hutegemea mkono wake. Je, ni ajabu akiona mbali kuliko wewe?

Mtakatifu Teresa wa Avila, alipowaandikia watawa wake katika karne ya 16 juu ya njia ya ukamilifu, aliutumia mchezo huu kuwa mfano. Alieleza kwamba malkia ndiye amsumbuaye mfalme kuliko kete zote, na kwamba katika maisha ya roho malkia huyo ni unyenyekevu. Wewe umejifunza kuwatoa askari na farasi. Malkia huyo bado hujamtoa.

Kwa hiyo usiuache mchezo, wala masomo yako usiyaache kwa ajili ya mchezo, wala usikubali kamwe kuucheza kwa fedha. Jumapili ijayo umwendee fundi na daftari lenye kurasa tupu, umwombe akufundishe. Siku utakayomshinda, na twatumaini itafika, yeye ndiye atakayefurahi wa kwanza.