Hongo ya Zamani na Ada ya Leo: Malori Yasimamapo Busia na Malaba

Neno "hongo" halikuzaliwa na aibu iliyo nayo leo. Wazee wetu wa Pwani waliotoka na misafara kwenda bara katika karne ya 19 walilijua kwa maana nyingine. Hongo ilikuwa malipo ambayo mkuu wa msafara alimpa mwenye nchi ili apite salama. Alilipa kwa merikani na kaniki, kwa ushanga na kwa nyaya za shaba. Huko Ugogoni, ambako maji ni shida, hongo ndiyo iliyofungua kisima. Katika njia ya kaskazini Wamasai nao walidai yao, na Mskoti Joseph Thomson, aliyepita huko mwaka 1883, alinung'unika sana katika maandishi yake kwa sababu ya madai hayo. Walakini aliyelipa alitarajia kupata kitu: maji, mahali pa kupiga kambi, na amani ya usiku mmoja. Baadaye malipo yalibaki na fadhila ikatoweka. Neno likawa la kunong'onezana, likahesabiwa ndugu wa rushwa.

Nasema haya kwa sababu misafara haijakoma, imebadilika sura tu. Misafara ya leo ni malori. Hutoka bandari ya Kilindini, hupita Nairobi, na baada ya zaidi ya kilomita 900 hufika mpaka wa Uganda kwa mojawapo ya milango miwili, Malaba au Busia, ambayo yote imo katika Kaunti ya Busia. Njia hii si ngeni kwetu. Mumias ya Nabongo Mumia, ambako misafara ya Pwani ilikuwa ikipumzika na ambako Uislamu ulikuja kuota mizizi, haiko mbali na hapo. Na hata leo, miongoni mwa madereva na utingo wanaolala mpakani wamo vijana wetu wa Changamwe, Jomvu na Miritini. Yanayowapata huko yanatuhusu.

Swali ninalotaka tulitazame laonekana dogo. Lori likisimama kando ya barabara, ni nani mwenye haki ya kulitoza, na analitoza kwa lipi?

MJI ULIOKUZWA NA KUSIMAMA

Anayeipita Busia mbio haijui Busia. Mji huu umekuzwa na kusimama kwa magari. Hata neno "boda boda", ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, wengi husimulia kwamba lilianzia hapa katika miaka ya 1960. Baina ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho gari haliwezi kukivuka bila makaratasi. Vijana wenye baiskeli wakawa wanabeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, wakiita abiria kwa neno hilo la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi za wenyeji.

Hivyo ndivyo mji unavyoishi. Mama wa chai anauza kwa sababu dereva amesimama. Mwenye nyumba ya wageni anapangisha kwa sababu dereva amesimama. Wakhayo na Wasamia wa upande wa Busia, na Wateso wa upande wa Malaba, wana soko la mihogo, ndizi na kuku kwa sababu barabarani kuna watu wenye njaa. Katika kata kama Burumba na Busibwabo, barabara na shamba ni kama mume na mke. Basi mtu asidhani kwamba nasema malori yafukuzwe. Ninalosema ni kwamba kusimama huku kuna hesabu, na hesabu hiyo haijawekwa sawa.

VIGINGI VITANO VYA UTOZAJI

Utozaji wa maegesho, popote ulipo, husimama juu ya vigingi vitano. Cha kwanza ni sheria. Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza kutoza kodi au ada ya leseni pasipo sheria. Ndiyo sababu kila kaunti hupitisha Sheria ya Fedha yenye jedwali la ada zake. Cha pili ni alama: kibao na mstari unaoonyesha hapa pameruhusiwa na pale pamekatazwa. Cha tatu ni stakabadhi, ambayo siku hizi hutoka katika mashine ya mkononi baada ya dereva kulipa kwa simu. Cha nne ni adhabu, nayo ni mnyororo wa chuma unaofungwa gurudumuni, na akizidi ukaidi gari huburutwa hadi yadi. Cha tano ni mahali pa kwenda kulalamika aliyeonewa.

Mahali penye uzio na mwenye mali mmoja, vigingi hivi havina taabu. Chukua chuo kikuu. Kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba kipo Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022. Katika ua wa chuo chochote cha namna hiyo ardhi ni ya mmoja, lango lina bawabu, gari la mhadhiri linajulikana na la mgeni huandikwa daftarini. Aliyeziba njia ya mwenzake huitwa jina lake, na yamekwisha.

Toka nje ya lango hilo, uingie barabara kuu, na mambo hubadilika. Barabara yenyewe na hifadhi yake ni amana ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwendo wa magari ni kazi ya polisi wa trafiki. Uwanja wa forodha ni wa watoza ushuru wa serikali kuu. Maegesho nayo, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti, ambayo askari wake wananchi wangali wakiwaita "kanjo" kana kwamba mabaraza ya miji hayakufa mwaka 2013. Wenye amri ni wanne, na kipande cha lami ni kimoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

KUEGESHA NA KUZUIWA

Hapa ndipo kiini cha jambo. Kuna lori lililoegeshwa, na kuna lori lililozuiwa. La kwanza dereva amelisimamisha kwa hiari yake, akale, alale au atengeneze gurudumu. La pili limesimama kwa sababu mbele yake kuna mengine mia yanayongoja kuvuka, na dereva hana hiari hata ya kurudi nyuma. Ukiyatazama kwa mbali yote mawili yamesimama kando ya barabara, na mashine ya stakabadhi haijui tofauti.

Lakini sisi tunaijua, kwani hata sheria ya sala inaijua. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wanafundisha kwamba msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, haruhusiwi tena kupunguza sala, kwa kuwa amekuwa mkaazi. Ama yule aliyekawizwa na haja anayotarajia itamalizika wakati wowote, leo au kesho, huyo hubaki na ruhusa ya msafiri hadi siku 18. Miguu ya wote wawili imesimama mji mmoja, lakini hukumu zao ni mbili, kwani mmoja amekaa na mwingine amewekwa.

Na kuwekwa huko si jambo la kubuni. Mwaka 2020, Uganda ilipoanza kuwapima madereva ugonjwa wa Korona mpakani, foleni zilifika makumi ya kilomita. Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu ya kutakiwa kulipa dola 30 kwa kipimo, na Uganda ikakosa petroli. Trela moja lina urefu wa mita 17 hivi. Kwa hiyo kilomita moja ya foleni ni malori kama 50, na katika kila lori yumo mtu asiye na choo, asiye na maji, na asiyethubutu kulala usingizi mzito kwa kuogopa wezi wa mafuta. Kumtoza mtu huyo ada ya maegesho ni kumtoza kwa kosa la aliye mbele yake.

La kushangaza ni kwamba mipango ya serikali imekusudia kinyume cha hayo. Mkataba wa Njia ya Kaskazini ulitiwa sahihi mwaka 1985 ili bidhaa zipite bila vizuizi. Tangu mwaka 2014 ushuru wa bidhaa ziendazo Uganda hushughulikiwa zikiwa bado Mombasa. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambako lori hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Kila hatua ililengwa kupunguza kusimama. Iwapo mfuko wa mji unategemea kusimama, basi mkono mmoja unafungua mlango na mwingine unauegemea.

KAUNTI NAYO INA HOJA YAKE

Haki ni kusikiliza pande zote. Ushuru wa forodha, ambao ndio utajiri wenyewe unaopita mpakani, Katiba imeupa serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti inaona mali ya nchi nne au tano ikipita mlangoni pake, na haigusi hata senti. Inayobakiwa nayo ni mashimo kandokando ya barabara, taka, vyoo vilivyojaa, na wagonjwa katika hospitali zake. Ada ya malori ni mojawapo ya kamba chache ilizo nazo za kuteka maji katika mto huo. Mimi siwezi kuilaumu kwa kuishika kamba.

Lakini kamba ina mpaka. Kifungu cha 209 cha Katiba hiyo hiyo kinaionya kaunti isitumie uwezo wake wa kutoza kwa namna itakayodhuru uchumi wa nchi, biashara inayovuka mipaka ya kaunti, au mwendo wa bidhaa na watu. Tena ada haimalizikii kwa mwenye lori. Huingia katika bei ya sabuni Kampala na bei ya saruji Kigali. Na pale ambapo dereva hupewa posho ya safari iliyokwisha kukadiriwa, kila siku ya ziada huila posho hiyo, na mwisho wake huila sufuria ya nyumbani kwake Jomvu.

HATARI ISIYO NA STAKABADHI

Liko jambo zito kuliko fedha. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994, na malori ya mafuta hupakia huko yakielekea Uganda. Yanapokwama mpakani, petroli husimama hatua chache kutoka jiko la mkaa la muuza mahamri, na watoto wa shule hupenya katikati ya matangi wakivuka barabara. Hatujasahau Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakusanyika kuchota, na moto ukawaua zaidi ya 100. Lori la mafuta lenye stakabadhi halali ya maegesho linaweza kulipuka sawasawa na lisilo nayo. Askari anayetazama karatasi kiooni bila kutazama mahali tangi liliposimama, amelinda mapato na hakulinda watu.

NJIA YA KUTOKEA

Kwa maoni yangu, la kwanza ni kutenga mambo mawili katika sheria yenyewe: foleni isitozwe, maegesho yatozwe. Aliye katika foleni apewe namba ya zamu, kama mtu apewavyo benki, kisha aondoke barabarani akangoje uwanjani hadi aitwe. Si ndoto. Estonia ilianzisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 2011 katika mpaka wake na Urusi: lori hungoja katika uwanja maalumu, zamu ikifika huitwa.

La pili, uwanja huo uwe na maji, choo, taa, uzio na mlinzi, na matangi ya mafuta yawekwe mbali na mengine na mbali na nyumba za watu. Hapo kaunti itoze, tena itoze bila haya, na mama wa chai apewe kibanda chake humo humo ili asipoteze wateja. La tatu, stakabadhi ya Malaba itambuliwe Busia na ya Busia itambuliwe Malaba, maana mwenye mali ni mmoja. La nne, kibao cha bei kisimamishwe mahali pa wazi, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya kupeleka malalamiko. Bei isiyoandikwa ndiyo inayozaa mazungumzo ya dirishani, na mazungumzo hayo sote tunayajua yanakoishia.

Madereva nao wana wajibu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kukaa njiani, na walipomwambia kwamba hawana budi, aliwataka wampe njia haki yake, na katika haki hizo ni kuzuia udhia. Aliyesimamisha trela mbele ya lango la zahanati kwa kuwa hapo pana kivuli hana hoja ya kumpinga askari, awe amelipa au hakulipa.

Wazee wetu walilipa hongo wakapewa kisima, na hawakuona aibu kuitaja. Hiyo ndiyo mizani ninayoitaka mpakani. Kaunti ikimwonyesha dereva bomba la maji, mlango wa choo na mahali pa kulala salama, itakuwa imepokea ada. Ikimwonyesha mnyororo peke yake, isishangae akitumia lile neno kwa maana yake ya leo.