Mashini inayozima yenyewe



Mama mmoja wa Katuba alituandikia mwezi wa 6, wakati wa baridi. Kijana wake anamaliza masomo pale Université de Lubumbashi. Oridinatere yake ya kubeba, ile wanafunzi wote wanaita tu mashini, inazima katikati ya kazi. Mama anasema: "Iko nawaka moto sawa pasi, kisha inazima yeye mwenyewe. Na huu njo mwezi wa baridi! Mwezi wa 10 itakuwa namna gani?" Kijana amebakiza kurasa ishirini za memwari yake. Na fundi mmoja wa mjini amekwisha kumwambia ya kama lazima kununua kadi kubwa ya ndani, kwa bei inayokaribia bei ya mashini nyingine.

Mama, usitoe franga bado.

Kwanza, leo hii, mbele ya kula bukari ya jioni, kijana anakili memwari yake katika flashi, na tena ajitumie mwenyewe kwa imeli. Mashini tutaitafutia dawa. Kurasa zikipotea, hakuna fundi wa kuzirudisha kwa hakika.

Kisha tutambue ugonjwa. Si kila mashini inayozima iko na moto. Kama inazima palepale wakati wa delestaji, ao unapogusa tu waya wa chajeri, ile ni bateri iliyochoka ao waya uliokatika ndani. Lakini kama inafanya kazi vizuri dakika ishirini, inapiga kelele, inakuwa nzito, kisha inazima, na ukiiacha ipoe inawaka tena bila matata, basi ni moto. Barua ya mama inaeleza huu wa pili.

Ndani ya mashini kuna kibamba kidogo kinachopiga hesabu zote, wanakiita prosesere. Kikifanya kazi kinatoa moto. Digrii 70 mpaka 85 wakati wa kazi nzito, tusiogope. Ikikaribia 100, mashini inapunguza mwendo. Ikizidi, inakata kazi yote ili isiungue. Kumbe kuzima kwake si kufa, ni kujiokoa.

Na ule moto unatoka kwa njia gani? Hapa sisi watu wa jimbo lililoitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997 tutafurahi kidogo. Juu ya prosesere kuna mrija wa shaba uliobonyezwa. Ndani yake wameweka maji kidogo sana na kutoa hewa yote. Moto unageuza maji kuwa mvuke, mvuke unakimbilia upande wa pili, kule unapoa na kuwa maji tena, sawa vile mvuke wa sufuria unavyogeuka matone kwenye kifuniko. Pale mwisho wa mrija kuna mabati membamba sana, na vantilatere kadogo kanapuliza hewa katikati yao. Walichagua shaba kwani kati ya metali zote ni fedha tu inayoipita kwa kupitisha moto, na fedha ni bei. Nani anajua, labda shaba ile ilitoka Kipushi ao Kolwezi, ikazunguka dunia, ikarudi Katuba ndani ya mashini ya kijana wetu.

Basi njia ni hiyo tu: shaba, mabati, hewa. Ikizibwa pahali pamoja, moto unabaki ndani.

Kwetu inazibwa na bulongo. Toka mwezi wa 5 mpaka wa 10 mvua haiko, malori yanapita, na kila mama anayefuta meza asubuhi anajua atafuta tena saa sita. Vumbi lile linavutwa na vantilatere, linajipanga mbele ya mabati mpaka linakuwa sawa kipande cha bulangeti. Na bulangeti ya kweli nayo inasaidia ubaya! Wakati wa baridi vijana wanaingia kitandani na mashini, wanaiweka juu ya godoro. Lakini matundu ya kuvuta hewa yako chini, kwa mashini nyingi. Njo sababu inawaka hata mwezi wa 6.

Kwa hiyo, kijana aiweke juu ya meza ao sinia gumu, na vifuniko viwili vya chupa chini ya pembe za nyuma. Hiyo haigharimu kitu. Tena abonyeze Ctrl, Shift na Esc pamoja, kama anatumia Windows, aangalie safu ya CPU. Programu inayokula nyingi wakati hakuna kazi, aifunge. Kama haijui, atafute virusi.

Kisha aweke mkono pale hewa inapotokea. Hewa nyingi ya moto: njia iko wazi. Hewa kidogo lakini ya moto sana: vumbi. Hakuna hewa, hakuna sauti: vantilatere imekufa, na hiyo inabadilishwa peke yake, bila kugusa kadi kubwa.

Kwa vumbi, mashini izimwe kabisa, chajeri itoke, na bateri pia kama ni ya kutolewa. Fundi afungue vifuniko vya chini, azuie vantilatere kwa kijiti isizunguke, asafishe kwa brashi mpya laini. Msipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na tafadhali, msiipeleke kwa kwado! Nimeona watoto wanafanya vile. Kompresere ya matairi inatupa maji na mafuta pamoja na hewa, na nguvu yake inavunja mabawa ya vantilatere. Kama mashini iko na miaka mingi, mwambieni fundi abadilishe pia ile pasta ya kijivu kati ya prosesere na shaba. Ikikauka, moto haupiti vizuri.

Kwangu nyumbani mambo haya yalitukuta. Binti yangu alibakiza siku tano atetee memwari yake. Fundi wa kwanza alidai kadi kubwa, hata mashini hakuifungua. Wa pili, kijana wa Kenya aliyeketi na meza yake barabarani, aliifungua mbele yetu akatoa vumbi la kujaza kifuniko cha chupa. Tulilipa bei ndogo, na ile mashini inafanya kazi mpaka leo. Toka siku ile ninaomba fundi afungue nikiwa nasimama pale.

Jambo moja tu halitaki kungoja. Geuzeni mashini, itazameni. Kama tumbo lake limevimba, kama inayumba juu ya meza iliyo sawa, ao pale pa kusogeza kidole pamenyanyuka, ni bateri iliyovimba. Isiunganishwe tena na umeme, isitobolewe, isilale katika chumba cha watoto. Kama inafunguka, bateri itolewe. Kama hapana, mashini yote ikae inje juu ya matofali, mbali na makala na majani makavu, mpaka fundi afike. Moto wa bateri ile ni mkali, na moshi wake ni sumu.

Mama wa Katuba, tuandikie namna ilivyokwenda. Barua mbili juu ya friji inayotoa maji tumezipokea, tutazijibu mwezi ujao.