Kesi ya Lubanga: kwa nini ubakaji haukuongeza hata mwaka mmoja kwenye kifungo

Katika Ituri, swali hili bado linaulizwa. Thomas Lubanga, mkuu wa UPC, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, kifungo cha miaka 14 tarehe 10 Julai 2012. Kosa lake: kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 katika jeshi lake na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003. Mashahidi walieleza mbele ya mahakimu jinsi wasichana walivyobakwa kambini. Kwenye hesabu ya adhabu, ushuhuda huo haukuhesabiwa.

Wengi wanadhani mahakama iliudharau. Sivyo ilivyokuwa. Mahakimu walisema wazi kwamba tendo ambalo halimo katika mashtaka linaweza kuhesabiwa kama sababu ya kuongeza adhabu. Ila lazima lithibitishwe bila shaka yoyote, sawa na kosa lenyewe, na lazima lifungamane na mshtakiwa mwenyewe. Kwamba Lubanga aliamuru ubakaji au aliujua, wengi wa mahakimu hawakuona ushahidi wa kutosha. Walimlaumu vikali aliyekuwa mwendesha mashtaka, Luis Moreno Ocampo, kwa kutotia ubakaji katika mashtaka tangu mwanzo.

Hata umri mdogo wa watoto haukuhesabiwa mara mbili. Umri ndio uliofanya kitendo kile kuwa kosa, na ulikwisha kupimwa katika uzito wake. Hauwezi kurudishwa tena kama sababu ya kuongeza miaka. Kwa mzazi aliyenyang'anywa mtoto, hiyo ni hesabu ya baridi. Lakini ndiyo inayomlinda kila mshtakiwa, hata yule asiye na jina kubwa.

Mwendesha mashtaka, aliyekuwa ameomba miaka 30, alikata rufaa akidai kifungo hakilingani na kosa. Lubanga naye alikata rufaa, akiona ni kirefu mno. Tarehe 1 Desemba 2014 wote wawili walikataliwa. Mahakama ya rufaa haipimi adhabu upya kana kwamba kesi inaanza: inatafuta kosa la sheria, kosa la kusoma ushahidi, au adhabu iliyopita mpaka. Ushahidi ambao haukuletwa mwanzoni hupokelewa kwenye rufaa kwa nadra tu.

Jambo moja husahauliwa. Hakimu Elizabeth Odio Benito, aliyepingana na wenzake na kutaka mateso ya wasichana yahesabiwe, alipendekeza miaka 15. Tofauti ni mwaka mmoja tu. Kwa hiyo hata kama rufaa ya mwendesha mashtaka ingekuwa na nguvu zaidi, miaka 30 ilikuwa mbali.

Kwa Bosco Ntaganda, mambo yalipangwa vingine. Ubakaji na utumwa wa kingono, hata dhidi ya watoto askari wa kundi lake mwenyewe, viliandikwa kama mashtaka kamili. Mawakili wake walipinga hilo mpaka kwenye rufaa, wakashindwa mwaka 2017. Alipatikana na hatia kwa makosa 18, akapewa miaka 30 mwezi Novemba 2019. Rufaa yake dhidi ya adhabu ilikataliwa tarehe 30 Machi 2021.

Wakati huo Lubanga alikuwa amekwisha kuwa huru kwa mwaka mzima: kifungo chake kiliisha Machi 2020.