Bingwa analipwa kuinama, wewe hulipwi

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume za kilomita 267.5 kwenye vilima vilivyowafanya wengi waachie njiani. Waliojipanga kando ya barabara, na wengi zaidi waliotazama kwenye runinga, waliona umbo lile lile likipita saa baada ya saa: mgongo umelala, mikono imeshika usukani ulio chini kuliko kiti, nguo zimebana mwili kama ngozi ya pili. Umbo hilo ndilo linalouzwa duniani kote kama umbo halali la mwendesha baiskeli. Karani wa Milano, mwalimu wa Chicago na mfanyabiashara wa Nairobi anayetaka kupunguza kitambi, wote wakiingia duka la baiskeli za barabarani huelekezwa kwenye chombo kilichobuniwa kwa ajili ya watu wanaokula mshahara wa mbio. Hoja yangu ni kwamba mwendeshaji wa kawaida anapaswa kuanza na starehe ya mwili wake, na kwamba ushahidi wa jambo hili umetolewa na mashindano yenyewe.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mshindani anaweza kukaa amejikunja saa sita kwa sababu nyuma yake kuna gari la timu lenye fundi, magurudumu ya akiba, maji, chakula na koti la mvua. Jioni kuna mtu wa kumkanda misuli, na kabla ya msimu kuna mtaalamu aliyepima viungo vyake na kurekebisha kiti chake milimita kwa milimita. Barabara imefungwa, hana lori linalomsukuma pembeni wala shimo ambalo hakuonyeshwa mapema. Zaidi ya hayo, anakanyaga pedali kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo humwinua kidogo na kupunguza uzito unaoangukia viganja vyake. Mtu wa kawaida akikaa mkao ule ule na kukanyaga kwa upole, uzito wa kifua na kichwa unashukia mikononi. Baada ya saa moja na nusu kidole cha mwisho na cha pete vinaanza kufa ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja umebanwa dhidi ya usukani. Shingo nayo inakakamaa, maana lazima ainue uso kutazama mbele huku mgongo ukimwelekeza chini. Hayo si mazoezi, na hakuna misuli inayojengwa na ganzi.

Ushahidi mzito zaidi umo kwenye tairi. Katika miaka ya 1990 tairi la mashindano lilikuwa na upana wa milimita 20 hadi 23, likajazwa upepo kupita pauni 100 kwa inchi ya mraba hadi likawa gumu kama fimbo. Imani ilikuwa kwamba tairi gumu na jembamba ndilo lenye kasi, na maabara ziliithibitisha kwa kulizungusha tairi juu ya ngoma ya chuma laini. Lakini ngoma ya chuma haina mashimo, na juu ya tairi lile hapakuwa na mtu. Jan Heine, mhariri wa jarida la Bicycle Quarterly huko Seattle, alilipeleka jaribio barabarani, mwendeshaji akiwa juu ya kiti, akaona kwamba upepo mwingi hauleti faida iliyodhaniwa. Sababu inaeleweka: kila mtikisiko unaopanda kutoka kwenye lami hutikisa nyama na viungo vya mwendeshaji, na nguvu iliyopaswa kumsogeza mbele inageuka joto mwilini mwake. Wengi hawakumsadiki mwanzoni. Hata hivyo timu za kulipwa zilihamia milimita 25, kisha 28, na leo milimita 30 katika mbio kubwa si habari tena. Kwenye mawe ya mbio za Paris–Roubaix huonekana mapana zaidi. Na huko hamu ya kupunguza mtikisiko ni ya zamani: Gilbert Duclos-Lassalle alishinda mwaka 1992 na tena 1993, akiwa na miaka 37 na 38, juu ya baiskeli yenye shokomzoba mbele. Kwa hiyo aliyejitesa miaka mingi juu ya tairi la milimita 20 ili afanane na bingwa alipata mateso bila kupata kasi.

Mpinzani wangu atasema hapo nimejifunga mwenyewe: kama mashindano ndiyo yaliyotufikisha kwenye tairi pana, basi mashindano ni shule, na mwanafunzi mwema humfuata mwalimu. Lakini historia inasema mara nyingi mwalimu alikuwa wa mwisho kuelewa. Mfaransa Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyefariki 1930, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuwashawishi watalii wa baiskeli watumie gia za kubadilisha ili wapande milima bila kuua magoti. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, aliamini ushindi utoke kwenye misuli na si kwenye mitambo, na mbio zake hazikuruhusu washindani wote kubadilisha gia kwa mnyororo unaohama hadi 1937. Kabla ya hapo bingwa alifika chini ya mlima, akashuka, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili atumie gia ya upande wa pili, huku watalii wakiwa wamekwisha kuzoea gia zao. Kifaa ambacho leo hakuna baiskeli ya mbio isiyokuwa nacho kilianzia kwa watu waliotaka kusafiri bila kuumia.

Lipo jambo kubwa zaidi ya kuchelewa. Umbo la baiskeli ya mbio halikuamuliwa na mwili wa binadamu wala na elimu ya mwendo peke yake; limeamuliwa na kanuni. Mwaka 1933 jijini Paris, Francis Faure alivunja rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 45.055 juu ya baiskeli ya kulalia chali iliyoundwa na Charles Mochet. Mwendeshaji alikuwa ameegemea kama mtu aliye kwenye kiti cha kupumzikia, na bado aliwapita wote walioinama. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, na chombo kile kikawekwa nje. Uamuzi huo unaweza kutetewa, kwa kuwa mchezo unahitaji vyombo vinavyolingana. Ila mnunuzi ajue kwamba anapoambiwa mkao ule ndio wa asili wa baiskeli ya kasi, anauziwa kanuni ya mchezo ambao yeye hachezi. Hata uzito ni hivyo hivyo. Tangu 2000 baiskeli ya mbio hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8, na watu wa kawaida wanalipa fedha nyingi kuukaribia mpaka huo. Mtu wa kilo 78 mwenye baiskeli ya kilo 9 akipunguza kilo nzima kwenye chombo, amepunguza kama asilimia moja tu ya mzigo wote unaopanda mlima.

Hoja ya upepo ndiyo iliyo nzito, na haifai kupuuzwa. Kwenye tambarare, kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu ya mwendeshaji inaliwa na hewa, na kuinama kunasaidia kweli. Lakini ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: anayekwenda kilomita 20 kwa saa anakabiliana na robo tu ya ukinzani unaomkabili anayekwenda 40. Faida ya kuinama inapungua kadiri kasi inavyopungua, ila maumivu ya kuinama hayapungui. Tena mkao unasaidia ukishikika. Tazama kundi lolote la waendeshaji wa wikiendi baada ya saa ya pili: mikono imehamia juu kabisa ya usukani, viwiko vimenyooka, kifua kimesimama kupokea upepo wote. Usukani wa chini walioununua kwa ajili ya hewa hakuna anayeushika. Usukani uliopandishwa hadi usawa wa kiti ungewaruhusu washike sehemu ya chini bila kuumia, na wangekata upepo vizuri zaidi kuliko sasa.

Wapo wanaoamini kwamba mateso ndiyo utamu wa mchezo huu. Kikundi kinachojiita Velominati kimekusanya kanuni za adabu ya baiskeli, nusu utani nusu kweli, ambazo ndani yake mfuko chini ya kiti ni aibu na kulalamika ni udhaifu. Napenda utani huo, ila unachanganya jasho na jeraha. Kupanda mlima hadi pumzi ikatike ni kazi ya moyo na mapafu, na baiskeli ya starehe haimwondolei mtu kazi hiyo. Ushahidi upo Ufaransa, katika Paris–Brest–Paris. Safari hiyo ya kilomita zipatazo 1,200 ilianza 1891 kama mbio, na Charles Terront akashinda. Siku hizi huendeshwa kila baada ya miaka minne bila kutangaza bingwa, na wengi hujipa saa 90 kuimaliza. Ni vigumu kuwaita watu hao wavivu. Miongoni mwao wamo wanaofika na madigadi, taa zinazolishwa na dainamo ya gurudumu, mfuko mbele ya usukani na tairi lenye nafasi ya kumeza mtikisiko. Wanaoteseka kwa muda mrefu kuliko wote ndio waliojifunza kuondoa mateso yasiyo na kazi.

Inabaki hoja ya uhuru: mtu akipenda jezi ya timu na baiskeli ya nyuzi za kaboni, fedha ni zake. Nakubali. Grant Petersen, aliyeanzisha Rivendell Bicycle Works huko California mwaka 1994 na kuandika kitabu Just Ride mwaka 2012, anakwenda mbali hadi kuzikataa nguo maalumu kwa jumla, na hapo simfuati. Kaptula ya kubana yenye pedi ni starehe tupu kwa anayekaa juu ya kiti chembamba saa tano. Kosa linaanza pale pendo la baadhi linapogeuka sheria ya mlangoni. Mama wa miaka 50, mtu mnene, kijana mwenye mgongo mbovu, wote wakiona umbo moja tu ndilo linaloheshimiwa huhitimisha kwamba mchezo si wao. Na maduka yakijaza umbo hilo, hata anayejua anachotaka hakipati, kwa sababu fremu nyingi za mbio hazina nafasi ya tairi pana wala tundu za kufungia madigadi na keria.

Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili, kwa kuwa tulianza na upande wa pili. Baiskeli nyeusi ya mizigo, Phoenix kwa Watanzania na black mamba kwa Wakenya, ina usukani wa juu, kiti cha springi, keria, madigadi na tairi la inchi 28 kwa 1½, yaani karibu milimita 40. Sitaki turudi huko. Ni nzito, kwa kawaida ina gia moja, na breki zake za vyuma hushika kwa shida mvua ikinyesha. Lakini kati ya punda huyo wa kazi na baiskeli ya Pogačar kuna uwanja mpana. Mnunuzi aulize mambo manne: fremu inapokea tairi la milimita 35? Ina tundu za madigadi? Usukani unapanda hadi usawa wa kiti? Na gia nyepesi kuliko zote ina meno sawa mbele na nyuma, ili mlima upandwe bila kusimama juu ya pedali? Kisha aiendeshe nusu saa kabla ya kulipa, maana dakika tano za kuzunguka duka hazionyeshi ganzi. Wanaoandaa safari za wikiendi nao watangaze kasi na umbali, waache kukagua soksi. Mshindani akiumia mgongo, timu inamtibu na mkataba unamlipa. Wewe ukiumia utaiacha baiskeli ndani, na baiskeli iliyoachwa ndani haina kasi yoyote.