Mambo ya Nyumbani: Wageni wa Darini



Mavuno yamekwisha, mahindi yamepandishwa darini, na sasa kila usiku mwasikia mbio na mikwaruzo juu ya vichwa vyenu. Watoto waamka na kuuliza, "Baba, nini hicho?" Baba agonga dari kwa fimbo, kelele zatulia kidogo, kisha zaanza tena. Basi juma hili tuseme habari za wageni hao. Kinacholiwa huko juu ni chakula cha watoto cha miezi ijayo, na kwetu Handeni, ambako mvua hukosa mara nyingi, gunia moja si jambo dogo.

Kwanza, mjue mgeni wako kabla hujashika fimbo. Ukisikia mbio mchana, huenda ni kindi, maana kindi hutembea mchana na kulala usiku. Kwa kawaida hupita juu ya tawi la mti lililoegemea paa. Kata tawi hilo, naye amekosa njia. Wakitoka wanyama wengi jua linapokuchwa, wakiruka mmoja baada ya mwingine, hao ni popo. Popo wa namna hii hula wadudu, hawataki mahindi yako. Usiwashike kwa mkono mtupu, wala usiwazibie ndani. Ngoja watoke jioni, hakikisha hawakuacha vitoto, ndipo uzibe tundu. Lakini mbio zikiwa za usiku wa manane, na asubuhi ukaona mavi meusi kama punje za mpunga, basi mgeni wako ni panya.

Panya hali tu. Huharibu kuliko anavyokula. Hukojolea nafaka, hutoboa magunia, hukata nguo apate kutandika kiota. Mimba yake ni kama wiki tatu tu, na panya shamba aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Kwa hiyo wawili wa leo wakiachwa, baada ya miezi michache ni kundi.

Tena huleta maradhi. Wazee wa Korogwe wakumbuka jinsi tauni ilivyozuka kwa jirani zetu wa Lushoto mwaka 1980. Katika miaka ishirini na zaidi iliyofuata watu zaidi ya 7,000 waliugua huko. Viroboto wa panya ndio wanaoipeleka kwa watu: panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo mkiona panya wanakufa wenyewe bila mtego wala sumu, msiwaguse kwa mkono. Mpeni habari mganga wa zahanati upesi. Na mtu akipata homa kali pamoja na mitoki inayouma kinenani au kwapani, apelekwe hospitali siku ile ile. Tauni hupona kwa dawa, ila haingoji.

Mwaka 2022 huko Ruangwa, mkoani Lindi, ulitokea ugonjwa mwingine ambao Serikali iliuita homa ya mgunda, na watu 3 walifariki. Kwetu Uziguani hakuna haja ya kufasiri mgunda ni nini. Ugonjwa huo huenea kwa mkojo wa wanyama, na panya ni mmoja wao. Basi chakula kilichoguswa na panya kitupwe, na vyombo vyote vioshwe kabla ya kupakulia.

Sasa tufanye nini? Wengi hukimbilia gulioni kununua sumu. Ndugu zangu, hapa nawasihi. Sumu nyingine za panya, zikifika tumboni, hutoa hewa inayoua, wala hakuna dawa ya kuizima. Mtoto hajui tofauti ya punje ya chakula na punje iliyotiwa sumu. Kibaya zaidi ni vile vidonge vya kufukizia mahindi. Watu huvitia katika magunia, kisha hulala na watoto katika chumba hicho hicho, milango imefungwa. Hewa ile haichagui panya na mtu. Familia nzima yaweza kulala isiamke. Vidonge hivyo kamwe visiingie nyumba ya kulala. Ikibidi kutumia sumu, mwite kwanza bwana shamba.

Njia iliyo salama ni kazi ya mikono, nayo ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuondoa chakula. Panya hakufuata dari, alifuata mahindi. Yakikauka vema, yapukuse, uyatie katika pipa au debe lenye mfuniko. Ile mifuko isiyopitisha hewa yafaa sana kwa dumuzi, lakini panya huitoboa. Iweke juu ya chaga, mbali na ukuta, upate kuizunguka na kuitazama. Mwenye ghala la nguzo aliinue futi tatu au zaidi, avike kila nguzo kofia ya bati, wala asiegemeze kitu chochote hapo.

Hatua ya pili ni kutega. Panya hupenda kupita kandokando ya ukuta, kwa hiyo tega hapo, si katikati. Tumia dagaa au nazi iliyochomwa. Panya wa darini huogopa kitu kigeni; weka mtego wenye chambo siku mbili tatu bila kuutega, azoee, kisha utege. Mfu ashikwe kwa kijiti au mfuko, azikwe.

Hatua ya tatu ni kuziba. Panda juu mchana uzime taa: kila mahali mwanga unapoingia ni mlango. Tundu la kupitisha kidole gumba lamtosha panya mdogo. Jaza changarawe na udongo wa kichuguu uliokandwa, au saruji. Penye kuhitaji hewa piga wavu wa chuma wenye matundu madogo. Lakini usizibe kabla ya kutega, usije ukawafungia ndani wakafia darini na kunuka.

Paka afuge kila mtu, hilo twalijua. Bundi je? Wengi humfukuza kwa mawe wakidhani analeta kifo. Bundi alia kwa kumwita mwenzake na kulinda eneo lake, na anachokiwinda ni panya wako. Mwacheni.

Neno la mwisho: kazi hii haifai kufanywa na nyumba moja. Ukisafisha wewe na jirani asisafishe, panya wake ndio watakaokuwa wageni wako wa juma lijalo. Kubalianeni siku moja, nyumba kumi pamoja, mkate majani, mtege, mzibe. Fanyeni hivyo mapema, mahindi yangali mengi, msingoje hadi yamebaki magunzi.