Majeruhi wa Pili Yuko Benchini

Miongoni mwa itikadi zilizoota mizizi kwetu, ambazo husemwa kwa ulimi mtamu hata msikiaji akaona haya kuzikataa, hakuna inayonikirihi kama hii isemayo kwamba mwenye kuuguza hana lake: kwamba aliyeumia ni yule aliyelala ndani na mashine ya kupumulia, na huyu aliyeketi nje juu ya benchi, awe mke, mama au kaka, hadaiwi ila subira wala hastahili kupewa ila pole. Itikadi hiyo ni batili, na madhara yake humrudia mgonjwa yule yule ambaye kwa jina lake husemwa.

Tutazame jambo lililokwisha kuwa la kawaida Dar es Salaam. Kijana ametoka nyumbani alfajiri na bodaboda yake, mzima wa afya. Kabla ya adhuhuri amefikishwa hospitali, damu imevilia ndani ya fuvu, na magharibi inamkuta amekwisha kupasuliwa na kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Maradhi ya siku nyingi huipa aila wasaa wa kuizoea hofu. Jeraha la ubongo halitoi wasaa. Mkewe, ambaye jana alikuwa akihangaikia ada ya shule, leo anatia sahihi karatasi ya upasuaji asiyoielewa, anakabidhiwa mfuko wa nguo zilizokatwa kwa mkasi, anaandikiwa dawa za kwenda kununua, kisha anaonyeshwa benchi. Risiti amezifunga katika pindo la kanga. Chai ya chupa aliyoletewa na jirani imepoa hajaigusa. Kila mlango ufunguliwapo, benchi zima husimama, na nesi akiita jina moja wengine huketi tena, na nyuso zao hazisemi kama wamepata nafuu au hasara.

Simu nayo haimpi raha. Shangazi yuko Tanga, shemeji yuko Lindi, na wote wana swali moja: ameshafumbua macho? Laiti wangalijua wanauliza nini! Mwaka 1974 mabingwa wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitunga kipimo cha fahamu ambacho matabibu wangali wakikitumia: macho hupewa alama hadi 4, maneno hadi 5, mwendo wa viungo hadi 6, na jumla haishuki chini ya 3 wala haizidi 15. Macho, basi, ni sehemu ndogo ya hesabu. Mtu huweza kuyafumbua asimwone aliyeinama mbele yake, na kiganja huweza kukibana kidole kilichowekwa ndani yake pasipo amri ya akili. Mama aliyebanwa kidole na mwanawe akaitangazia jamaa yote kwamba mtoto amerudi hakusema uongo. Aliinasibisha na mapenzi harakati ambayo hakuna aliyemweleza maana yake. Asubuhi ya pili akaambiwa, tena ukumbini daktari akiwa mbioni, kwamba hali ni ile ile. Msiba huo wa pili haukuletwa na bodaboda, umeletwa na ukimya.

Wala haya si dhana zangu tu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2005 kutoka vyumba vya mahututi vya Ufaransa ulikuta kwamba miezi mitatu baada ya mgonjwa kutoka au kufa, karibu theluthi ya jamaa zake walikuwa na dalili za kiwewe kizito, na miongoni mwa walioona hawakupewa maelezo kamili, idadi ilikaribia nusu. Hao ni watu ambao hakuna aliyewapiga hata kofi.

Nitajibiwa kwamba kudadisi mno ni kukosa imani, na kwamba manesi wetu ni wachache. La kwanza silikubali hata kidogo, kwa kuwa sijaona dini iliyomharamishia mja kujua hali ya mumewe. La pili nalikubali, ila halitoshi kuwa udhuru. Ufaransa huko huko, mwaka 2007, ilidhihirishwa kwamba jamaa za wagonjwa waliokuwa wakikata roho, walipoketishwa katika mazungumzo yaliyopangwa, wakaachwa waseme na kulia, na wakapewa kijitabu cha kusoma, walipungukiwa na kiwewe: 45 katika 100, badala ya 69. Mazungumzo hayo yaliyazidi ya kawaida kwa kadiri ya dakika 10 tu.

Lakini hospitali si mkosaji peke yake. Ni nani asemaye, “Mke gani huyu alalaye nyumbani ilhali mumewe yumo kwenye mashine?” Ni sisi jamaa, tuliokwisha kutoa mchango wetu tukajiona tumelipa deni. Twasahau kwamba huyo tunayemnyima usingizi ndiye atakayeulizwa kesho kama mgonjwa atobolewe koo apate kupumua, na ndiye, Mola akijaalia mumewe kutoka, atakayemlisha kwa mpira wa puani na kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asiote vidonda. Kumchosha kabla ya kazi hiyo kuanza, na kuuita uchovu wake uaminifu, ni dhuluma iliyovikwa kanzu ya mila.

Wakuu wa hospitali nawaomba saa moja maalumu kwa siku, ambayo daktari ataketi na ndugu ataketi, na maneno yasemwe kwa Kiswahili cha watu. Nawe msomaji, ukiwa na jamaa kwenye benchi hilo, usimpigie simu kumwuliza habari za macho. Nenda jioni ya leo, chukua daftari lake la dawa, keti mahali pake, umwambie aende nyumbani akalale hadi asubuhi. Na atakayemsema vibaya, mjibu wewe.