Usipoziba Ufa wa Rejeta

Watu husema gari la mtumba ni balaa. Mimi nasema kosa ni letu. Rejeta ya gari letu ilianza kuvuja kidogo. Baba hakuiziba, alijaza tu maji ya mfereji kila asubuhi. Siku moja tukitoka Thika, mshale wa joto ukapanda. "Tutafika tu!" akasema. Karibu na Ruiru injini ikazima. Gasketi imeungua, silinda hedi imepinda! Karo yangu ya muhula ikaishia kwa fundi, nami nikafukuzwa shule.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini sheria haitakuzibia rejeta. Joto likipanda, simama, zima injini, iache ipoe. Jamani, tuwaambie wazazi: ufa ni nafuu kuliko ukuta.